Majirani Walioharibu Mtandao Wangu kwa Ruhusa Yangu

Vijana wangu, jumbe zenu nimezisoma zote. Zote zinauliza jambo moja: "Madam, nataka kile cheti cha juu kabisa cha mitandao ya kompyuta. Ninunue leptop gani?" Naona hata rangi mmeshachagua. Mmenunua viti vya kuzunguka, taa za buluu za kuweka nyuma ya skrini, na kikombe kilichoandikwa "Injinia". Kimebaki kitu kidogo tu, nacho ni kuijua kazi. Hicho mnapanga kukimaliza kabla ya mwisho wa mwezi. Hongereni mapema.

Mimi nimestaafu. Nilianza kuvuta nyaya na kufunga vifaa vya mtandao enzi ambazo mwanamke akipanda ngazi na koleo mkononi, watu walisimama chini wakingoja aanguke. Sikuanguka. Wengine walichoka kungoja wakarudi kazini. Kwa hivyo nadhani nina ruhusa ya kuwaambia jinsi nilivyojiandaa kwa mtihani huo mnaoutaka, nikiwa mama mtu mzima, ndani ya nyumba ya vyumba viwili vya mabati Kawangware, nikisaidiwa na keyateka, msimamizi wa ploti yetu ya kupanga, aliyeamini kwamba ruta ni aina ya redio.

Nilisukumwa na bosi wangu. Alikuwa kijana nadhifu wa shati za kubana. Siku moja alituita mafundi wote wa nje ukumbini, akatuambia kwamba kampuni inajipanga upya. Ninyi bado wageni duniani, acheni niwafasirie: kampuni ikijipanga upya, wewe ndiwe unayepanguliwa. Akasema atakayekuwa na cheti cha juu mwaka ukiisha ataendelea nasi. Asiyekuwa nacho atapewa nafasi ya kutafuta ndoto zake kwingine. Ndoto zangu wakati huo zilikuwa karo ya Simiyu, kifungua mimba wangu, na paa lisilovuja juu ya kitanda. Sikujua zingepatikana kwingine kupi.

Tulipotoka ukumbini akanivuta kando. "Mama, usichukulie vibaya. Hiki cheti ni kigumu. Wengi hurudia na kurudia."

"Wewe ulirudia mara ngapi?"

"Mimi niko upande wa usimamizi," akasema, akaangalia saa yake.

Nyumbani nilimwambia mume wangu, Barasa. Yeye ni fundi wa mjengo. Kuna wiki ana kazi mpaka Jumapili, na kuna wiki anakaa mlangoni akinoa mwiko ambao tayari ni mkali. Mshahara wangu ndio uliokuwa ukituvusha kwenye wiki za kunoa mwiko. Alinisikiliza mpaka mwisho, akauliza, "Huo mtihani unahitaji nini?"

"Unahitaji niwe na mtandao wa kampuni nzima hapa nyumbani."

Akatazama chumba. Kulikuwa na kochi, meza, na nafasi ya kupita ukijibana. "Basi kochi litasogea," akasema.

Niwaeleze kidogo kwa wale ambao hawajafika huko. Mtihani una sehemu ya maandishi, ambayo mtu mwenye kichwa cha kasuku anaweza kuipita. Halafu kuna sehemu ya vitendo. Unakalishwa mbele ya skrini kutwa nzima, unapewa mtandao wa kampuni isiyokuwepo duniani, umejaa makosa, na unaambiwa uutengeneze na kuuongezea mengine. Makosa hayakaririki. Dawa yake ni kuwa na vifaa vyako mwenyewe, uviharibu, uvitengeneze, uviharibu tena, mpaka mikono ijue njia hata kichwa kikipotea. Hayo ndiyo mnayoita maabara ya nyumbani. Ninyi mnayo ndani ya leptop, mnabofya na ruta kumi zinaamka kimya kama malaika. Za kwetu ziliamka kama posho mill ikisaga mahindi.

Mwenzangu wa kusoma alikuwa Ouma, fundi tuliyefanya naye kazi, akikaa Kisumu Ndogo kule Kibera. Vifaa tulivinunua Makina, hukohuko Kibera, kwa mama mmoja karibu na msikiti, Bi Zuhura, aliyeuza mitambo iliyotupwa na ofisi za mjini. Katika hadithi hii yote, yeye ndiye pekee aliyezungumza Kiswahili sawasawa. Sisi wengine tulijitahidi tu.

Ouma alimwuliza atajuaje swichi nzima, kile kisanduku cha kuunganishia nyaya za mtandao, na swichi iliyokufa. Bi Zuhura akaichomeka moja kwenye stima, ikaanza kunguruma. "Sikiliza, mwanangu. Inayonguruma bado ina pumzi. Iliyonyamaza usiichukue, hata nikikubembeleza vipi. Na usiondoke hapa bila ule waya mwembamba wa buluu wa kuingilia ndani yake kutoka kwenye kompyuta. Swichi isiyo na waya wake ni tofali."

Mafunzo ya mwaka mzima hayo, na aliyatoa huku akitafuta chenji. Kitu kimoja tu hakutuambia, kwamba ruta zile zilikuja na nywila za ofisi zilikotoka. Kwa hivyo somo letu la kwanza katika safari ya kuwa wataalamu wa kuheshimika lilikuwa kuvunja nywila za watu.

Maabara ya kwanza tuliiweka kwa Ouma. Chumba chake kilikuwa katikati ya baa na kanisa, na kila upande ulikuwa na spika kubwa kuliko mlango. Kwaya ikipandisha sauti, stima inashuka, na ruta zetu zote zinazima. Sasa, mnachoandika kwenye ruta bila kukihifadhi kinapotea ikizima. Tulijua hivyo kwa kusoma. Lakini tulipokuwa tukisahau, mchungaji ndiye aliyetukumbusha, haleluya baada ya haleluya. Hadi leo mkono wangu unahifadhi kazi wenyewe nikisikia kinanda.

Ouma alikuwa mwenzi mzuri. Mimi ningetoka kununua chai, naye angeharibu kitu. Ningerudi nikitafute. Halafu zamu yake. Hivyo ndivyo watu wawili wanavyosomeshana. Mpaka siku moja aliniambia, bila hata kunitazama usoni, kwamba ameacha. Mama yake aliuza omena, biashara ilikuwa imekua, na alihitaji mtu wa kusimamia mizigo.

"Ouma, tumefika mbali."

"Mama Waya, nimefikiria," akasema. Mama Waya ndilo jina langu la kazini na la mtaani. "Hiki cheti kinaisha baada ya miaka michache, unarudi kufanya mtihani tena. Omena haina hiyo. Ukishaijua, umeijua."

Nikaanza kuchomoa nyaya. Alinisaidia kupakia vifaa kwenye mkokoteni, tukavifunika kwa gunia, tukavipeleka Kawangware tukipokezana kusukuma. Leo Ouma ana lori. Mimi nilipata cheti. Msiniulize nani alichagua vizuri, naheshimu sana vijana wanaojifikiria wenyewe.

Barasa alinitengenezea rafu kwa mbao za mjengo. Ilikuwa imara kiasi cha kubeba nyumba ya ghorofa. Nikapanga vifaa, nikawasha, na kabla chai haijachemka mlango ukagongwa. Alikuwa Mama Njeri, keyateka wetu. Alikuwa mama wa makamo mwenye bunda la funguo kiunoni, na hakuna kitu kilichoingia kwenye ploti ile bila yeye kukijua jina na kabila.

"Mama Waya, unafuga nyuki?"

"Hapana, Mama Njeri. Ni kompyuta za kusomea."

Akaingia bila kukaribishwa, akaziangalia zikimetameta taa za kijani. Juu ya swichi kulikuwa na soksi za Barasa, kwa sababu alikuwa amegundua zinakauka haraka pale kuliko kwenye kamba.

"Hii ni redio," akasema. "Unatangaza wapi?"

"Si redio."

"Na stima ya ploti ni mita moja. Wenzako watasema nini?"

Nilimweleza kwa nusu ya siku. Alichosikia ni neno moja tu, intaneti. Mwisho tukakubaliana hivi: mimi nitaendelea kusoma, na ploti nzima itapata waifai. Nilijiona mjanja sana. Kutoka kwenye laini ya intaneti iliyoingia kwangu toka barabarani nikavuta waya mpaka kwenye korido, nikafunga kifaa juu ya mlango wa Jafeth, fundi wa nguo aliyeshonea karibu na geti, na jioni ile watu walinisalimia kwa majina yangu yote.

Ujanja huo ulinikalia shingoni wiki iliyofuata. Maabara ni kitu cha kuharibiwa. Lakini hii yangu sasa ilikuwa na wateja. Nikizima ruta nijaribu jambo, Jafeth anatoka na tepu ya kupimia shingoni. "Mathe, nilikuwa naangalia video ya mshono wa kola, imekwama!" Nikibadilisha anwani moja, mtu wa chumba cha mwisho anauliza kama tumehama nchi. Nilikuwa nimejitengenezea kazi ya pili isiyo na mshahara, yenye wakubwa wengi kuliko ya kwanza.

Jumapili moja mchana Mama Njeri alinikuta nimeinama nikichomoa na kuchomeka.

"Kwani imeharibika?"

"Nimeiharibu mwenyewe. Natafuta kosa."

"Kosa lililowekwa na nani?"

"Na mimi."

Akaniangalia kwa huruma, vile mnavyomwangalia mtu aliyeanza kuongea peke yake barabarani. "Mama Waya. Unaficha kitu, halafu unakitafuta. Na ukikipata unafurahi?"

Nikamweleza habari za Ouma, kwamba nilikuwa na mtu wa kunifichia akaenda kwa omena. Nikamweleza pia mambo ya bosi na mwisho wa mwaka. Hilo sikuwa nimelisema kwa mtu yeyote pale ploti. Akacheza na funguo zake.

"Basi tupatie sisi," akasema. "Kuharibu hatuwezi kushindwa."

Sheria zilikuwa chache. Hakuna maji, hakuna kisu, hakuna moto. Kila Jumapili baada ya kanisa ningetoka nitembee mpaka Riruta na kurudi. Wakati huo yeyote angeweza kuingia kwangu na kuharibu kitu kimoja. Nikirudi, hakuna kuniambia. Hata nikilia.

Sijawahi kuona watu wakikubali jambo la kielimu kwa moyo namna ile.

Jafeth alikuwa wa kwanza. Nilirudi nikakuta nusu ya simu za ploti zina intaneti na nusu hazina. Swichi ziko sawa. Ruta iko sawa. "Nani amegusa?" nikauliza. Korido nzima ikawa na watu wanaokagua kucha zao. Nilihangaika mpaka nikaamua kufuata waya kwa mkono, hatua kwa hatua, na nikaingia chini ya cherehani ya Jafeth. Pale, ndani ya kikapu cha vitambaa, kulikuwa na ruta kuukuu aliyoazima kwa kaka yake, imechomekwa kwenye mtandao wangu. Kila simu kwenye mtandao hupewa anwani, kama namba ya nyumba. Ile ruta ya kaka yake nayo ilikuwa ikigawa namba, za mtaa usiokuwepo. Nikamkumbatia. Kosa kama hilo nimelikuta baadaye kwenye ofisi ya vioo yenye mabwana wenye tai, na walikuwa wamelipigia magoti siku mbili. Nilienda moja kwa moja nikauliza, nani ameleta kitu kutoka nyumbani?

Zamu ya Barasa ilikuwa mbaya zaidi, kwa sababu yeye hakujua kuwa ameharibu. Aliona vumbi, akachukua kitambaa, akachomoa waya mmoja, akapangusa vizuri, akaurudisha kwenye tundu la jirani. Swichi moja inaweza kugawanywa iwe kama vyumba visivyoonana, na tundu lile lilikuwa chumba kingine. Niliteseka mchana kutwa. Naye alikaa pale akininywesha chai na kunipa pole. Tangu hapo nilifunga kibandiko chenye jina kwenye kila waya, ncha zote mbili. Ncha zote mbili, nimesema. Mkiweka jina upande mmoja mnakuwa mmeandika barua bila anwani.

Lakini bingwa alikuwa Mama Njeri. Yeye hakuchomoa kitu. Kichwa cha waya wa mtandao kina kile kijimkia cha plastiki kinachoushika kwenye tundu. Alikivunja, akarudisha waya palepale, ukatulia kama haujaguswa. Mtandao ukafanya kazi. Halafu ukakatika. Halafu ukarudi. Nilisoma mipangilio yote ya ruta mstari kwa mstari. Nilibadilisha mambo yaliyokuwa sawa yakawa mabaya, nikayarudisha. Yeye alikuwa kwenye kigoda mlangoni pangu, akitoa minji kwenye maganda, na mara kwa mara anainuka kwenda kwake na kufunga mlango wangu kwa nguvu.

Nilichelewa mno kugundua kwamba mtandao unakatika mlango unapobamizwa.

"Mama Njeri, wewe ni mtu mbaya sana."

"Asante," akasema, na kweli alifurahi.

Kwa hivyo mnaponiambia kwamba mmemaliza kozi ya video kwa kasi mara mbili, natabasamu. Ile video haijawahi kuwafungia mlango.

Nilienda kwenye mtihani wa vitendo mara ya kwanza nikijiona simba. Ulifanyiwa kwenye chumba cha hoteli mjini, baridi kama duka la nyama. Nikakuta kosa la kwanza, na kwa mazoea nikamgeukia kijana msimamizi. "Nani amegusa huu mtandao?"

"Madam, vifaa haviko hapa. Viko nje ya nchi."

Hakuna waya wa kufuata kwa mkono. Hakuna cherehani ya kuingia chini yake. Nikaambiwa nitumie skrini tu. Sawa, nikatulia, nikaendelea. Halafu nikafika swali moja lililogoma. Nikalikalia. Nililikalia kama mtu aliyetukanwa, maana mimi nimetafuta makosa ya Mama Njeri, hili ni nani? Nilipolishinda nikainua kichwa, na muda ulikuwa umekwenda. Maswali mepesi ya mwisho, ambayo hata Jafeth angeyajibu, sikuyafikia.

Majibu yalipokuja nilikuwa nyumbani. Nilitoka koridoni na uso uliowaambia yote. Mama Njeri akasimama.

"Tumefeli?"

Sikusema tumefeli. Yeye ndiye aliyesema. Na neno lile liliniuma kuliko matokeo yenyewe.

"Walikuharibia na nini?" Jafeth akauliza. Alikuwa ameudhika kweli, kama fundi aliyesikia mteja amepelekwa kwingine. "Walikuwa wazuri kuliko sisi?"

"Hapana. Nilikwama swali moja, mengine yakanipita."

Mama Njeri akatikisa kichwa. "Mimi nikipita kukusanya kodi, yule wa chumba cha tatu anayejifungia ndani simkalii mlangoni asubuhi yote. Napita kwa wengine kwanza. Yeye namrudia mwisho."

Yule wa chumba cha tatu alikuwepo palepale. Akaanza kukagua kucha zake.

Jioni, tukiwa tumekaa kwenye kile kipande cha kochi kilichobaki, Barasa akaniambia, "Mama Simiyu, ukiacha sitakulaumu hata kidogo."

"Na nikiendelea?"

Akafikiria. "Ukiendelea sitapangusa vumbi tena."

Nikajisajili upya. Kampuni ilikuwa imelipia vijana wawili wa ofisini, na bajeti, kwa bahati ya ajabu, iliishia palepale lilipoanzia jina langu. Nililipa mwenyewe.

Jumapili zikabadilika. Sasa waliharibu vitu vingi kwa mara moja, vingine vyepesi, vingine vya kishetani, na Mama Njeri akakaa kwenye kigoda kama msimamizi. Nikikaa sana mahali pamoja anapiga funguo zake ukutani. "Wacha hiyo. Songa." Nikibisha, anapiga tena. Nilijifunza kusoma kazi yote kabla ya kugusa kitu, kuchukua mepesi kwanza, na kurudi kwenye magumu nikiwa na pumzi. Nilijifunza pia kuandika amri kwa mkono wangu, si kunakili na kubandika, maana anayebandika hajui alichokosea. Na kila nilipodhani nimemaliza, Mama Njeri aliniuliza swali moja: "Umejaribu, ama unasema tu?" Basi ninajaribu, na mara nyingi nakuta bado.

Mara ya pili hotelini sikumwuliza kijana chochote. Swali gumu lilikuja, nikasikia funguo zikigonga ukuta, nikalipita. Nilimaliza, nikakagua, nikatoka nje, na sikumbuki nilivyofika barabarani.

Matokeo yalikuwa yawekwe kwenye tovuti Jumamosi. Siku hiyo nilienda sokoni asubuhi ili nisikae nikiitazama skrini kama chungu kisichochemka. Niliporudi, intaneti haikuwepo.

Nikacheka. Nilisimama katikati ya korido na kikapu mkononi, nikacheka. "Leo? Hata leo?"

"Mama Waya, hatujagusa," Jafeth akasema.

"Naam."

"Haki ya mama yangu mzazi," Mama Njeri akasema, "hakuna mtu ameingia kwako leo."

Mnaelewa shida yangu? Watu hawa walikuwa wameniapia Jumapili baada ya Jumapili, kwa mama zao, kwa cherehani, kwa watoto ambao hawajazaliwa. Mama Njeri aliniapia huku kile kijimkia cha plastiki kikiwa mfukoni mwake. Sikumwamini hata mmoja. Nilikagua waya kwa waya, kibandiko kwa kibandiko. Niliingia chini ya cherehani. Nilimwinua mtu wa chumba cha tatu kitandani. Walinifuata nyuma wakiapa, nami nikawaambia wanastahili sifa, leo wamejipita.

Barasa akarudi kutoka mjengo, miguu myeupe kwa saruji. Akanikuta juu ya ngazi nimefungua kifaa cha koridoni.

"Mama Simiyu, ni kwa nini watu wamejaa pale njia ya kwenda Riruta? Kuna katapila inachimba mtaro, imeng'oa waya mweusi mnene, imeuburuta mpaka barabarani."

Nikashuka ngazi polepole. Nilikuwa nimetafuta ndani ya ploti, mchana wote, kosa lililokuwa nje ya geti. Mtaalamu. Jambo la kwanza nililofundishwa nikiwa kibarua ni kuuliza kama mtandao unaingia kabla ya kuuliza kama unatoka.

"Tulikuambia ukweli!" Mama Njeri akasema, na sauti yake ilikuwa imevimba.

"Ndiyo mara ya kwanza," nikasema. "Ningejuaje?"

Akatoa simu yake, iliyokuwa na bando lake la intaneti, akanisukumia. Nikaingia kwenye tovuti, nikaandika jina na nywila, na mikono ikakataa kabisa kubonyeza. Nikampa Jafeth. Alivua kastabini kidoleni, akabonyeza. Akasoma kimya, akitembeza midomo. Watu wakasogea.

"Imeandikwa 'pass'," akasema.

"Pass ni kupita, ama ni kupitwa?" Mama Njeri akauliza.

"Ni kupita."

"Basi tumepita."

Sijui nani alianza kupiga vigelegele. Nakumbuka Barasa amevua kofia na hajui aiweke wapi. Mimi nilikaa chini pale koridoni, koleo mkononi, nikalia mbele ya watu wote, na Mama Njeri akasimama karibu yangu akiwazuia wasinikanyage.

Jumatatu niliingia kwa bosi na karatasi niliyoichapisha. Nilikuwa nimevaa suti ya harusi ya shemeji. Akaisoma, akanyanyua nyusi, akanishika mkono.

"Mama! Hii ni kubwa. Kumbe uliendelea?"

"Ulituambia mwisho wa mwaka."

"Aah, ile." Akaegemea kiti. "Ile mipango iliahirishwa zamani. Makao makuu walibadilisha mawazo. Hamkuambiwa?"

Nilimwangalia. Nilitaka kucheka, nilitaka pia kumrushia kikombe chake kizuri. Nikamwuliza iliahirishwa lini. Akasema hata hakumbuki. Nikatoka, nikafanya kazi yangu mpaka jioni, na ninavyowaambia hivi nilifanya kazi pale miaka mingine hadi nilipostaafu, na bosi mwenyewe ndiye aliyepanguliwa kabla yangu. Ile kazi ngumu ya ofisi za vioo ilikuja kwangu, kwa sababu nilikuwa nimejua kitu ambacho hakipotei mipango ikiahirishwa. Nawaambia hayo kwa sababu najua mtaniuliza kama ilikuwa na faida. Lakini jioni ile sikuwa nafikiria faida. Nilitembea taratibu kuelekea nyumbani, nikitafuta jinsi ya kuwaambia watu walioacha Jumapili zao, wakaapa uongo kwa mama zao, kwamba hakuna aliyekuwa akitufukuza.

Walikuwa wamenisubiri getini. Mama Njeri alikuwa amefunga kitambaa kipya kichwani.

"Haya, bosi amesema nini?"

Wote wakanitazama, hata yule wa chumba cha tatu.

"Amesema bila hiki cheti, leo ningekuwa nimefukuzwa," nikasema. "Ameshtuka sana. Ameuliza ni nani walionifundisha."

"Ukamwambia?"

"Nikamwambia ni ploti."

Jafeth akapiga kofi moja kubwa. Mama Njeri akanitazama machoni muda mrefu, yeye anayejua mtu akidanganya kabla hajafungua mdomo. Halafu akageuka akafungua geti kwa upana wote, kama linavyofunguliwa gari linapoingia, ijapokuwa nilikuja kwa miguu.

"Pita ndani," akasema. "Chakula kinapoa."